Lumbesa si kipimo chetu

Mavuno yaliyopita, hapa Idodi, nilipima gunia la mpunga la mama kabla halijapakiwa kwenye gari. Mnunuzi alikuwa amelihesabu kilo 100. Mizani ya jirani ilisoma 124. Zile 24 zilikuwa kwenye kilemba cha juu, kilichoshonewa kwa kamba. Nilipomuuliza, alinijibu, “Ndivyo tunavyopima huku.”

Jibu hilo nalikataa. Ninalikataa zaidi likitoka kwa wasomi wenzangu, wanaosema kwamba gunia na debe ni vipimo vyetu vya asili, na kilo ni ya Mzungu. Debe lipi hilo la asili? Lilikuja pwani na mafuta ya taa.

Kuhusu kilo, walikuwa na nusu ya haki. Tangu 1889 kilo ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Dunia nzima ilipima kwa mali iliyo kabatini mwa watu wengine. Lakini tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kilistaafishwa. Leo kilo imefungwa kwenye namba ya Planck, 6.62607015 × 10⁻³⁴ kwa jouli-sekunde. Namba hiyo ni ileile Paris, Idodi na mwezini. Haina kabati wala mlinzi wa kuhongwa.

Max Planck mwenyewe alilieleza wazo hili mwaka 1899: tukijenga vizio juu ya mwendo wa nuru na nguvu ya uvutano, vitabaki na maana kwa watu wote na nyakati zote. Kwa hiyo kizio cha asili si kile cha babu. Ni kile kisicho na mwenyewe.

Lumbesa ina mwenyewe. Mnunuzi yuleyule akifika mjini haongezi kilemba. Anauza kwa kilo, gramu kwa gramu. Asili yake inaishia getini kwa mama yangu.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, tunayo, na lumbesa ni marufuku. Lakini marufuku haipimi mpunga. Naomba kitu kimoja: mizani iliyohakikiwa katika kila ghala, na gunia lisishonwe kabla halijapimwa. Namba ya Planck niliikariri kwa ajili ya mtihani. Sasa naidai kwa ajili ya mama.