MASKINI WA BONDE LETU SI MVIVU (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu ya usiku, lakini silali mpaka niseme hili.

Kuna kaka kaniambia: "Nesi, Kilombero kuna ardhi, maji na mpunga. Maskini wa huko ni mvivu tu." Haya, tuanze na hesabu.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini kwenye Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata Sh 1,644. Chakula, nguo, sabuni, vyote humo. Tanzania Bara, waliokuwa chini ya mstari huo ni asilimia 26.4.

Utafiti siukatai. Bila kuhesabu tutabaki kubishana vijiweni. Ila asilimia hiyo inasema wangapi wako chini. Haisemi nani alikuwa juu mwezi wa saba akajikuta chini mwezi wa pili, wala nini kilimwangusha. Mimi hao ndio ninaowapokea wodini.

Mama mmoja ana ekari mbili za mpunga hapa Mchombe. Analima, anapalilia akiwa majini, anaamia ndege toka alfajiri. Mwezi wa pili, usiku wa mvua, mtoto kashikwa na malaria kali. Kwa sera, mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure. Sawa, lakini bodaboda nani analipa? Na chakula cha siku nne za kuuguza? Na nauli ya Ifakara akipewa rufaa? Mama anauza magunia matatu ya mpunga ungali shambani, kwa nusu ya bei. Hayatoshi, anaongeza mkopo wa kausha damu.

Mavuno yakifika, magunia matatu si yake tena. Yanayobaki anauza harakaharaka alipe deni, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Na mnunuzi kaja na lumbesa, gunia limejazwa mpaka limeota kilemba, bei ya gunia moja. Mwezi wa kwanza mkulima huyu wa mpunga yuko dukani ananunua mchele kwa kilo, bei juu.

Kaka, nionyeshe uvivu uko wapi hapo. Aliyevuna bila kushika jembe ni yule aliyekuwa na pesa taslimu mwezi wa pili.

Kwa hiyo semina za "badilisheni fikra" mtuache kidogo. Lumbesa imekatazwa kisheria, basi mizani iwepo kila mpunga unaponunuliwa. Tupate ghala la kutunzia mpunga bei ipande, na mkopo wa riba nafuu miezi ya mvua. Na michango ya bima ikusanywe wakati wa mavuno, watu wakiwa na hela mkononi.

Kesho Sehemu ya 5: kausha damu na akina mama. Sasa naenda kulala.