Spika Zikigombana, Besi Inakimbia!

Pesa za korosho zikishaingia, kuanzia Masasi hadi kule juu Newala hakulaliki. Mara harusi, mara unyago, na kila mwenye shughuli anataka muziki mnene. Usipokuwa mnene, patashika!

Yuko mshikaji mmoja wa Newala, kazi yake kukodisha muziki. Kwenye shughuli moja besi iligoma kabisa, zikabaki kelele kama za redio ya mkulima. Mwenye shughuli akamkata nusu ya malipo. Fundi naye akadai spika zimekufa, eti amwuzie kwa bei ya bure. Nusura jamaa auze!

Kumbe spika zilikuwa nzima. Waya za spika moja tu zilipishana: chanya kwa hasi. Hapo moja inasukuma hewa mbele, mwenzake anaivuta nyuma. Ni kama wawili wanaosukuma gari lililokwama, mmoja kwa mbele, mmoja kwa nyuma. Litaenda wapi? Besi ndiyo inaumia zaidi kwa sababu mawimbi yake ni marefu. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, kwa hiyo spika zilizo jirani zinafutana. Sauti nyembamba zinapona kiasi.

Utajuaje? Zikalishe spika jirani, zikitazama upande mmoja, weka wimbo wenye besi, simama katikati. Kisha zima amplifaya, geuza waya za spika moja tu. Ukigeuza zote mbili umerudi pale pale! Washa tena. Besi ikirudi, ulikuwa unaonewa na waya.

Rangi nazo usiziamini sana. Spika nyingi za JBL za zamani ziliwekewa nyekundu kinyume na wenzao. Chomoa spika kwenye amplifaya, iguse mara moja tu na betri ya volti 1.5. Karatasi ya spika ikitoka nje, pale ilipogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Paka alama, hata rangi ya kucha ya dada inatosha.

Kwa hiyo, mwenye shughuli, usikimbilie kukata hela ya kijana wa watu. Mpe bisibisi na dakika tano. Nawe mwenye muziki, usiuze spika kabla hujakagua waya.

Tukutane wiki ijayo!