Vizibo Pekee Havilindi Masikio ya Wanamuziki

Tarehe 1 Septemba 2012, okestra ya Royal Opera House ya London ilikuwa kwenye mazoezi ya Die Walküre, opera ya Richard Wagner. Mpiga viola Christopher Goldscheider aliketi mbele kidogo ya matarumbeta, katika nafasi finyu wanamokaa wapigaji chini ya jukwaa. Tangu siku hiyo hata sauti za kawaida za nyumbani zilimtesa, na kazi ya okestra ikamshinda. Alishtaki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpa haki, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba mwajiri anawajibika. Ikumbukwe kuwa vizibo vya masikio alikuwa amepewa. Ndiyo maana nashangaa kwamba ushauri wanaopewa wanamuziki bado unaanzia kwenye vizibo na mara nyingi unaishia hapohapo. Kumlinda mpiga ala ni kazi ya anayepanga viti, ratiba na ukumbi, na kizibo kije mwishoni.

Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe wa neva. Zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kinachoziua ni ukali wa sauti ukijumlishwa na muda: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, hivyo anayeweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 hupaswa kukaa saa 4 tu kwenye 88, na saa 2 kwenye 91. Mazoezi ya muziki mzito huchukua saa nzima nzima, na mpigaji hujifua tena akiwa nyumbani. Wapiga fidla hubeba chombo chao karibu kabisa na sikio la kushoto, kwa hiyo hata wakiwa peke yao chumbani hawako salama. Watafiti wa Ujerumani waliochambua kumbukumbu za bima ya afya za mamilioni ya wafanyakazi walitangaza mwaka 2014 kwamba wanamuziki wa kulipwa walikabiliwa na uziwi unaotokana na kelele karibu mara 4 kuliko wafanyakazi wengine, na mvumo wa kudumu masikioni kwa asilimia 57 zaidi.

Wapo watakaosema muziki si kelele ya kiwandani: ukali wa matarumbeta ya Wagner ndio wenyewe uliokusudiwa, na hakuna anayetaka okestra inayonong'ona. Hoja hiyo ilifika mahakamani na haikufua dafu, kwa kuwa kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini, zilizoanza kuwabana waajiri wa muziki mwaka 2008, haziruhusu sanaa iuzidi usalama. Nami naona hoja yenyewe imekosea mlango. Ukali anaoukusudia mtunzi ni ule unaomfikia msikilizaji ukumbini. Hakuna mtunzi aliyeandika kwamba tarumbeta lipigwe sentimita chache nyuma ya kichwa cha mpiga viola. Wengine watauliza: kwa nini basi asivae vizibo muda wote? Kwa sababu anapaswa kujisikia mwenyewe na kuwasikia jirani zake ili ashike sauti na mapigo. Vizibo vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa kiwango kinacholingana, ni afadhali kuliko sponji ya kawaida, lakini mpiga ala za kupuliza akiziba masikio hujisikia akivuma ndani ya fuvu lake. Anayevitoa kwenye kifungu laini ili asikie hafanyi uzembe. Anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Dawa nyingine zipo, na nyingi si za kisayansi sana. Matarumbeta yanaweza kuinuliwa kwenye ngazi ili mlio upite juu ya vichwa, safu zikaachana, wapigaji wakabadilishana viti, na programu nzito zisipangwe mfululizo. Vioo vya kukinga husaidia, ingawa huweza kumrudishia mpiga tarumbeta mlio wake mwenyewe. Tatizo ni fedha: nafasi ya ziada kwa okestra huweza kugharimu viti vya watazamaji, na viti hivyo huuzwa. Waajiri huku kwetu nao wasijione wako mbali. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinaruhusu wastani wa desibeli 90 kwa saa 8, ambazo nguvu yake ni takriban mara 3 ya desibeli 85. Wala vipimo vya masikio kila mwaka havitoshi iwapo mwanamuziki anaficha majibu kwa kuogopa kukosa nafasi, na mpigaji wa kuitwa kwa siku moja moja ana sababu kubwa zaidi ya kunyamaza. Huyo hana hata ofisi ya kumpimia.