Je, jokofu la chanjo lina nafasi?

Chanjo ya malaria hutolewa kwa dozi nne. Kila dozi inahitaji nafasi kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8, kuanzia bohari kuu hadi kliniki. Nafasi ikikosekana mahali pamoja tu, mtoto wako anaweza kurudi nyumbani bila chanjo, hata kama bohari kuu imejaa.

Ndiyo maana wapangaji hutumia modeli za kompyuta. Programu hupewa idadi ya watoto, ukubwa wa majokofu na ratiba ya magari, kisha huigiza usambazaji na kuonyesha mzigo utakwama wapi. Nchini Benin, programu ya HERMES ilionyesha kwamba kupunguza maghala ya kati na kuzungusha gari moja vituo kadhaa kungeokoa fedha. Mpango huo ukajaribiwa eneo la Comé.

Lakini kompyuta hufuata takwimu inazopewa. Jokofu bovu likiandikwa zima, jibu litakuwa la uongo. Mtoto asiyeandikishwa naye hatapangiwa dozi. Kwa hiyo mwandikishe wako, na mkihama, toa taarifa kliniki.