Ile Projekti Yako, Ni Nani Aliisoma?

Wasee, mkifika nyumbani tafuteni projekti zenu za mwaka wa nne. Ile yenye jalada jeusi na maandishi ya dhahabu, ile mama ameiweka kabatini karibu na vikombe vya wageni. Fungua ukurasa wa pili. Kuna tamko hapo. Juu umesema hii ni kazi yako halisi na haijawahi kuwasilishwa katika chuo kingine chochote. Ukatia sahihi. Chini yake msimamizi wako amesema kazi imewasilishwa kwa idhini yake. Naye akatia sahihi.

Sasa nikuulize, na usijibu kwa sauti kama mamako yuko karibu: kati ya hizo sahihi mbili, ngapi ni za ukweli?

Kila msimu wa mahafali ukikaribia nasikia watu wazima kwa redio wakilia kwamba vijana wa siku hizi wananunua projekti, wanaandikiwa na ChatGPT, hawana maadili. Sikatai kwamba tunanunua. Nitafika hapo, na nitajichoma mwenyewe. Lakini hii hadithi inasimuliwa kutoka upande mmoja tu. Sahihi ya juu ndiyo inapigwa darubini. Ile ya chini hakuna mtu huiuliza kitu.

Wacha niwaambie yangu.

Niliandika kuhusu mama mboga wa Githurai na Fuliza. Swali langu lilikuwa rahisi: mtu anayeamka saa tisa usiku kwenda Marikiti kununua sukuma na nyanya, na hana pesa kwa simu, anakopa vipi na analipa vipi? Kwa wiki mbili nilipanda matatu ya kwanza na hao akina mama. Nilibeba magunia, nikakanyagwa na mikokoteni, nikanunua chai ya watu hadi nikafilisika. Nilihoji 32. Hojaji ilikuwa ya Kiingereza kwa sababu idara ilisema iwe ya Kiingereza, kwa hivyo nilikuwa naisoma kimoyomoyo, nauliza kwa Kiswahili, najibiwa kwa Kiswahili na Kikuyu, halafu najaza kwa Kiingereza nikiwa nimesimama kando ya mtaro. Hiyo ndiyo inaitwa mbinu ya utafiti.

Siku ya tatu, mama mmoja akanionyesha simu mbili. Wateja wake hawalipi kwa laini yake. Wanalipa kwa laini ya dadake. Nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu mwenye hajui kitu. Pesa ikiingia kwa laini yenye Fuliza, deni linakatwa papo hapo, kabla hata hujaiona. Akilipwa 600 saa mbili asubuhi, zinamezwa, na kesho alfajiri hana ya kununua mzigo. Kwa hivyo anazificha kwa laini ya mtu mwingine, ananunua mzigo wa kesho kwanza, na deni analilipa jioni akiwa tayari. Nilidhani ni ujanja wake peke yake. Kufikia mwisho wa wiki ya pili nilikuwa nimehesabu 19 kati ya 32 wenye wanafanya hivyo.

Maze, nilikuwa nimeshika kitu. Sidai nilivumbua dawa ya malaria, lakini huo ni utafiti. Watu wanajificha kutoka kwa deni lao wenyewe ili biashara isife. Hata wale wanaohesabu biashara ndogo kwa kuangalia laini za simu wanahesabu vibaya, kwa sababu hela za huyu mama zinaonekana ni za dadake. Nilikesha siku tatu nikiandika sura ya nne.

Nikamtumia msimamizi. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikaenda ofisini, mlango umefungwa. Nikaandika ujumbe wa heshima, “Shikamoo Daktari, natumai u mzima,” ukasomwa, kimya. Wiki ya tano nikapata majibu. Maoni matatu. Nafasi kati ya mistari iongezwe. Jedwali 4.2 liwekwe katikati ya ukurasa. Na neno “mama mboga” litolewe, liandikwe “wafanyabiashara wadogo wa mazao ya shambani.”

Basi. Kuhusu wale 19, hakuna hata alama ya kuuliza.

Siku ya kutetea nilipewa dakika saba. Mmoja wa jopo alikuwa anajibu ujumbe. Nikafika kwa slaidi ya laini mbili, moyo unapiga, na swali likaja: “Mbona sampuli yako ni ndogo?” Kabla nimalize kujibu, “Asante. Mwingine.” Halafu nikaambiwa nilete nakala tatu za jalada gumu na moja kwa CD. CD! Laptopu yangu haina hata tundu la CD. Nililipa kijana wa saiba mkabala na geti anichomee, na nina hakika hadi leo hakuna mtu ameiingiza kwa mashine yoyote duniani.

Sasa nijichome kama nilivyoahidi. Muhula huo huo niliandikia wanafunzi wenzangu wawili projekti zao. Thao nane kila mmoja. Nilikuwa nadaiwa karo na bila kumaliza karo hupati kadi ya mtihani. Sijivunii. Mmoja wao nilimwandikia kuhusu huduma za benki katika mji ambao mimi sijawahi kukanyaga, na yeye pia. Majibu ya hojaji nilitunga kwa kitanda cha hosteli nikila mandazi. Tulitetea siku moja, jopo lile lile. Akaulizwa mbona sampuli yako ni ndogo. Akajibu, “Ni kwa sababu ya muda.” Wakatikisa kichwa.

Yeye alipata A. Mimi, na magunia yangu ya Marikiti, nilipata B.

Nilicheka hadi nikalia, halafu nikalia bila kucheka. Hapo ndipo nilielewa. Kazi ya uongo na kazi ya kweli zikipita kwa mlango mmoja na hakuna anayeangalia ndani ya gunia, ya uongo itashinda kila siku, kwa sababu ya uongo iko na muda wa kupanga mistari vizuri. Mwenye kuchimba anachelewa. Mwenye kutunga anafika mapema, majedwali yakiwa katikati ya ukurasa.

Na msiniambie shida ni kwamba Wakenya hatujui kuandika. Wewe unajua, mimi najua, hosteli nzima inajua nani anaandikia wazungu usiku. Mwaka 2024 ilitoka filamu, The Shadow Scholars, ya Eloise King, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya, akija kuwatafuta vijana wetu wanaoandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Biashara ni kubwa hadi England ikaweka sheria mwaka 2022 ya kuwazuia wanaoiuza kwao. Fikiria hiyo kidogo. Msee amekaa Kahawa Wendani, stima imepotea, ameunganisha laptopu na hotspoti ya simu, anaandika kuhusu uuguzi wa wazee huko ng’ambo na anapitisha mtu. Huyo huyo, projekti yake mwenyewe anainakili kutoka kwa ya mwaka jana. Kwa nini? Kwa sababu ile ya mzungu italeta shida ikiwa mbaya. Ya kwake haitaleta shida hata akibandika mapishi ya pilau katikati ya sura ya pili.

Najua wahadhiri watasema namwonea mtu. Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu mimi si mtoto. Msimamizi wangu alikuwa na wanafunzi 43 mwaka huo. Mara 60 kurasa, hizo ni kurasa 2,580, na zote zinamfikia mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho kwa sababu sisi pia ni wa dakika ya mwisho. Juu ya hiyo ana madarasa, ana mitihani ya kusahihisha, na wengi wao ni wa mkataba wa muda wanaongoja malipo miezi na miezi. Mwaka 2025 vyuo vya umma vilifungwa na mgomo siku 49, Septemba hadi Novemba, watu wakidai Sh7.9 bilioni za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Deni la 2017, bado linadaiwa 2025! Mtu kama huyo ukimpelekea sura ya nne, atapanga mistari tu. Ningekuwa yeye labda ningefanya hivyo hivyo.

Lakini kama kila mtu anajua kwamba kurasa 2,580 hazisomeki, mbona tunaendelea kuzidai? Hapo ndipo nakasirika. Urefu wa projekti ni pazia. Kurasa 60 haziko hapo ili zisomwe. Ziko hapo ili zipimwe kwa kidole, zionekane nene, zitiwe sahihi. Ukurasa wa kumi wa “umuhimu wa utafiti huu kwa serikali na wadau” hakuna serikali wala mdau ameuona.

Halafu sasa wamepata dawa mpya. Tangu Aprili 2023 Turnitin inaweza kukuambia asilimia ya kazi inayodhaniwa kuandikwa na akili bandia. Kwa hivyo tumefika mahali projekti inasomwa na mashine ili kuona kama iliandikwa na mashine. Binadamu wako wapi? Wako wanangojea ripoti ya asilimia. Nimeona msichana amelia kwa korido kwa sababu kazi yake mwenyewe, ya mkono wake, ilipigwa alama nyekundu, na hakuna mtu mmoja kwa hiyo idara alifikiria kumketisha chini na kumuuliza, haya, niambie ulifanya nini.

Nusu saa. Hiyo tu ndiyo naitaka. Kata projekti iwe kurasa 15. Mara 43 hizo ni 645, mtu anaweza kusoma akiwa na chai. Kisha mketi na mwanafunzi nusu saa, mumuulize alienda wapi, alipanda gari gani, nani alikataa kumjibu, nini kilimshangaza, jibu gani lilimuudhi. Yule niliyemwandikia kuhusu benki angefika dakika ya nne akiwa amelowa jasho. Soko lote la kuandikiwa, pamoja na thao zangu nane, lingekufa kwa muhula mmoja, bila programu yoyote ya kununuliwa kwa dola. Na kama chuo hakina hiyo nusu saa, basi kiondoe projekti kabisa, kitupe somo lingine, kituachie pesa za jalada. Nimeomba kazi mara nyingi tangu nimalize. Nimeulizwa cheti cha tabia njema, nimeulizwa pini ya KRA, nimeulizwa kama naweza kufanya bila malipo miezi mitatu ya kwanza. Projekti? Hata siku moja.

Kuna mwenye ataniambia, lakini ulijifunza, si hiyo ndiyo maana? Ndiyo, nilijifunza. Nilijifunza kutoka kwa akina mama 32 ambao hawalipwi na chuo. Na hiyo ndiyo inaniuma zaidi kuliko ile B.

Yule mama wa simu mbili, siku ya mwisho, akinifungia dania ya bure kwa gazeti, aliniuliza, “Ukimaliza hiyo kitabu, utatuletea tusome?” Nikasema, “Nitaleta, Mama.” Nilisema haraka, vile unajibu mtu mzima. Nilitengeneza nakala tatu. Moja idara, moja maktaba, moja kabatini kwetu. Hata ningempelekea moja angesoma nini? Imeandikwa Kiingereza cha kutisha, na yeye mwenyewe ndani ameitwa mfanyabiashara mdogo wa mazao ya shambani. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Idara yangu haikuwa imepata habari.

Kwa hivyo nimekaa wiki hii nikaandika upya. Kurasa nne, Kiswahili, herufi kubwa za kusomeka bila miwani. Laini mbili ziko ukurasa wa kwanza. Wale 19 wako ukurasa wa kwanza. Mama mboga ameitwa mama mboga. Fotokopi ni shilingi tano kwa ukurasa, nakala 32, jumla 640. Lile jalada moja jeusi lilinikosti 700.

Jumamosi saa kumi na moja asubuhi niko Githurai, kabla gari la Marikiti lirudi na watu wawe bize. Kama unakaa huko na una stapla, nitafute.