Mwenye Mizani Ndiye Mwenye Msitu

Wako wanaosema kwamba watu wa milimani ni maskini kwa sababu hawajui thamani ya msitu. Mimi nakataa. Thamani wanaijua. Kinachokosekana mikononi mwao ni mizani.

Tuchukue mti ambao wengi wetu hapa Kashojwa tuliotoka milima ya Kivu tumeuona: Prunus africana. Huota kwenye misitu ya milima, kuanzia Kameruni hadi Kongo, Uganda, Kenya na Madagaska. Gome lake hutengenezwa dawa ya uvimbe wa tezi dume, inayouzwa Ulaya kwa miaka mingi. Lakini mchunaji hushuka mlimani na mzigo mgongoni, akakutana na mnunuzi mwenye gari, mizani na bei yake mwenyewe. Hana pa kukaushia wala pa kuhifadhi, basi huuza siku hiyo hiyo kwa bei aliyotajiwa.

Watajibu: "Bei ikipanda, msitu utaisha." Hapana. Gome likichunwa kwa kiasi, upande huu na upande wa pili, huota tena. Shina likizungushwa lote, mara nyingi mti hufa. Nani huzungusha shina lote? Ni yule asiye na uhakika kwamba kesho ataruhusiwa kurudi. Tangu 1995 biashara ya mti huu inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi kutoka Kameruni. Kibali kina jina la msafirishaji, lakini biashara ikifungwa, chungu kinachokauka ni cha mchunaji.

Tuangalie pia Bwindi, huku kwetu magharibi mwa Uganda. Ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, wanakijiji walifungiwa msitu, na Batwa, wenyeji wake wa kale, wakapoteza makao. Baadaye baadhi ya vijiji viliruhusiwa, kwa makubaliano, kuweka mizinga ya nyuki na kuchuma dawa na mimea ya kusukia vikapu. Ni hatua njema, ila ruhusa ya kuingia si kipato. Asali ikiuzwa kwa ndoo, faida humfuata anayeichuja na kuitia chupani mjini.

Sisi wa Nakivale jambo hili si geni kwetu. Mkulima wa mahindi asiye na ghala huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, halafu baadaye hununua unga kwa bei ya juu.

Kwa hiyo nasema wazi kwa serikali na mashirika: semina za kumfundisha mchunaji kupenda msitu zimetosha. Kila kikundi kipate mizani yake, kibanda cha kukaushia na jina lake kwenye kibali. Bei za mjini zitangazwe redioni kwa lugha wanayoielewa. Mtu akiona kwamba mti ulio hai utamlipia mwanawe karo mwaka ujao, hatahitaji askari wa kuulinda.