Nani Anazima Kompyuta ya Baba Watoto?

  

Mwezi uliopita tuliongea kuhusu wivu wa simu, na wengi mlikiri kwamba mnapekua. Leo nakuingiza chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Ujiji, ambako kuna kitu nusura kimfukuzishe kazi mtoto wa watu. Kitu chenyewe ni kompyuta. Shosti, usifunue ukurasa mwingine! Twende taratibu, utanielewa.

Baba watoto anapiga video za harusi. Mimi nauza dagaa: nanunua Kibirizi na Katonga, nasafirisha Dar es Salaam. Miaka mitatu iliyopita mwenzangu aliamua kwamba badala ya kununua kompyuta tatu, ataunda moja yenye nguvu aifanye seva ya nyumbani. Akaiwekea Proxmox, programu ya bure inayoigawa kompyuta moja ikawa kama kompyuta kadhaa. Wenyewe wanaziita mashine pepe. Mimi naona ni nyumba moja yenye wapangaji watatu. Kila mmoja ana mlango wake na ufunguo wake, ila paa ni moja. Mpangaji wa kwanza ni hesabu zangu za dagaa, wa pili ni video za harusi, wa tatu ni kamera za dukani. Paa likidondoka, wote wanalala nje.

Na paa likaanza kudondoka. Leo saa tisa alasiri, keshokutwa saa nne usiku, halafu wiki nzima kimya, ukianza kusahau inarudi tena. Mara inajiwasha upya yenyewe, mara unaikuta imeganda, kioo cheusi, ukibonyeza haijibu. Video ya harusi iliyochakatwa usiku kucha inakatikia njiani. Bibi harusi anapiga simu, mama yake anapiga simu, na mume wangu anapokea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tukiwa wachumba.

Sisi watu wa Kigoma kitu kikizimika tunalaumu umeme kwanza. Ni mazoea tu. Mkoa wetu uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, hadi mwaka 2022 ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Lakini seva yetu inakaa kwenye UPS, lile boksi la betri ambalo umeme ukikatika linalia kama kifaranga. Siku hizo halikulia.

Basi baba watoto akapata jibu lake. "Ni huyu binti," akasema. "Anachomoa waya apige pasi."

Binti mwenyewe ana miaka kumi na tisa, ametoka Kasulu, alikuwa kwetu mwaka wa pili. Alipoulizwa alisema, "Baba, mimi sijagusa," akainamisha macho, akanyamaza. Mume wangu akauchukua ule ukimya kuwa ndiyo ushahidi. Kesho yake aliweka nauli ya Kasulu juu ya kabati la sebuleni, ikisubiri mwisho wa mwezi. Mimi nikamwambia, "Baba watoto, nipe siku kumi na nne."

Nilisomea uhasibu, na mhasibu hasemi mtu kaiba kabla ya kuona vocha. Nikachukua kaunta buku. Kila seva ikianguka naandika tarehe, saa, nani yuko nyumbani, ruta ya intaneti inawaka au haiwaki, feni za kompyuta zinazunguka au hazizunguki, na wapangaji gani walikuwa kazini. Nakuambia, kitu kinachoonekana kutokea ovyo ovyo kinaanza kuwa na sura ukikiandika.

Siku kumi na nne, mianguko tisa. Ruta imechomekwa kwenye ekstensheni ileile ya seva, na ukurasa wake wa mipangilio unaonyesha ina muda gani tangu iwashwe. Ilionyesha siku kumi na moja mfululizo. Kama mtu angechomoa ekstensheni apige pasi, ruta nayo ingezimika. Halafu mara nne kati ya hizo tisa kioo kilikuwa cheusi lakini feni zinazunguka, na kompyuta iliyochomolewa waya haizungushi feni. Zaidi ya hapo, mara mbili ilianguka binti akiwa msibani Kasulu.

Nilifunga mlango wa chumbani, nikamsomea mwenzangu ukurasa mmoja mmoja. Alikaa kimya. Halafu akasema, "Basi ni virusi." Wanaume jamani!

Akaitwa fundi kutoka Mwanga. Mafundi wengine dawa yao ni moja kwa kila ugonjwa: tupige fomati. Akafuta, akapanga upya siku nzima, akalipwa, akaondoka. Siku ya pili ikaanguka.

Hapa kuna jambo fundi alipaswa kulitazama kwanza. Kompyuta ina daftari lake inaloandika yenyewe, wanaliita logi. Ukiizima kwa utaratibu, logi inaandika maneno ya kuaga, huduma moja moja inafungwa. Programu ikichanganyikiwa, mara nyingi nayo inaacha angalau malalamiko. Ya kwetu ilikatikia katikati ya shughuli bila neno, kama mtu aliyekata simu. Kimya cha namna hiyo kinaelekeza kwenye vyuma: pawa saplai, joto au memori. Kweli, waya uliochomolewa nao unaacha kimya hichohicho, ndiyo maana ruta na feni zilikuwa na umuhimu.

Tukaenda kwa zamu, kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu siku moja hutajua kipi kilikuwa mgonjwa. Joto: akaifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha ile dawa ya kupozea prosesa. Ikawa baridi zaidi na bado ikaanguka. Pawa saplai: tukaazima kwa jirani. Ikaanguka.

Wakati huo kaunta buku langu limefika mwezi wa pili, mianguko kumi na saba. Jioni moja nikalipitia na kuona kitu kilichonisisimua mwili. Kumi na minne ilitokea siku za giza.

Kwa msomaji wa mbali, dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi vizuri mwezi usipokuwepo angani. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika. Mama mkwe aliposikia habari ya giza alisema, "Niliwaambia mapema," akataka aitwe mzee mmoja aje aangalie chumba. Ujiji mambo hayo hayakosi wateja. Lakini mimi najua siku za giza nafanya nini: dagaa zinaingia, nawasha hesabu zangu asubuhi hadi usiku. Siku za mbalamwezi nazizima ili kupunguza bili. Kwa hiyo ni siku za giza tu ndipo wapangaji wote watatu wanakuwa ndani kwa pamoja, na memori inajaa. Kama kuna kona mbovu katika memori, kompyuta yenye nafasi tele inaweza kupita siku nyingi bila kuigusa sana. Ikijaa, lazima mtu alale kwenye kile kitanda kibovu.

Ipo programu ya bure inaitwa Memtest86+. Unaiweka kwenye flashi, kompyuta inawakia humo, inaandika na kusoma memori yote tena na tena. Tuliiwasha baada ya isha. Mzunguko wa kwanza safi. Mwenzangu akataka kuzima, nikamwambia iache mpaka asubuhi. Wa pili safi. Alfajiri, wakati wa adhana, nilisikia ananiita. Mistari myekundu imejaa kioo. Ujue hapa hata kosa moja ni ugonjwa, memori nzima haikosei kabisa. Tukavipima vijiti vinne kimoja kimoja, usiku baada ya usiku, na mbovu kikawa cha tatu. Tukakitoa, tukawapunguzia wapangaji nafasi, tukavuka giza zima bila kuanguka. Kijiti kipya kilikuja kwa basi kutoka Dar.

Ila kuanguka kulikuwa nusu ya hasara. Memori mbovu inaweza kupotosha kinachoandikwa kwenye diski, na nakala ya akiba inanakili upotovu huohuo kwa uaminifu. Seva za maofisini huwekewa memori ya aina ya ECC, inayoweza kusahihisha kosa dogo lenyewe. Ya kwetu ni ya kawaida. Nilipokagua, mafaili mawili ya hesabu hayakufunguka, na nakala zake pia hazikufunguka. Humo mlikuwa na madeni ya akina mama kumi na wawili, wengine mamilioni.

Kilichoniokoa ni karatasi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mzigo wa stoo uliuzwa sana kwa mkopo, nikaanzisha daftari la magunia mlangoni. Tangu alipokuja, aliyekuwa akiliandika kila asubuhi ni binti. Gunia, jina, kilo, amelipa au hajalipa, mwandiko mnyoofu kama wa mwalimu. Nilikaa usiku tatu kuingiza upya, na kila mdaiwa niliyempelekea hesabu aliikubali.

Baba watoto alimwita sebuleni mbele yangu. "Mwanangu, nilikukosea," akasema. Nampa haki yake, si wanaume wote wangeweza. Binti akajibu, "Nimesikia, baba."

Mwisho wa mwezi akaja jikoni kuniaga. Anarudi Kasulu kujifunza cherehani. Nikamwongezea mshahara hapohapo, akakataa kwa adabu. Nikamuuliza kulikoni, mbona mambo yameisha?

"Mama," akasema, "ile nauli juu ya kabati niliiona kila siku nikifuta vumbi."

Seva leo ina siku sabini na moja bila kuanguka. Magunia naandika mwenyewe. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.